Tathmini ya Mapambano Matatu na Mama Mkwe Mmoja

Nilistaafu ualimu nikiwa na miwani, kalamu nyekundu na tabia ya kueleza jambo mpaka aliyeuliza ajute. Kwa hiyo mtendaji wa kata yetu aliponiita ofisini, nilijua kuna kazi iliyokosa mtu.

Kata yetu iko upande wa Biharamulo, mwendo wa baiskeli kutoka Kaniha. Jina sitalitaja, maana bado naishi humo. Mtendaji alikuwa na barua mezani. Kikundi cha mieleka kutoka mjini kiliomba kibali cha kufanya onyesho siku ya gulio, katika uwanja wa shule. Kibali alishakitoa, ila kwa masharti, kwa sababu kibali kisicho na masharti humfanya mwombaji adhani ilikuwa haki yake.

"Mwalimu," aliniambia, "kila pambano lifanyiwe tathmini ya maadili. Fomu hii hapa."

Fomu yenyewe ilikuwa ya semina ya kilimo cha mihogo. Neno "mihogo" lilikuwa limekatwa kwa kalamu na juu yake pameandikwa "mieleka". Ilikuwa na safu za jina la shughuli, lengo, funzo lililopatikana, changamoto, na maoni ya mtathmini. Mahali pamoja, chini kabisa, walisahau kukata, kwa hiyo nilitakiwa pia kueleza kama mbegu ilistahimili ukame.

"Kwa nini mimi?" niliuliza.

"Wewe una subira. Halafu una kalamu yako mwenyewe."

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona mieleka ya aina hii, ngoja nieleze taratibu. Kuna mieleka ya kushindana, ambapo watu wawili wanatafuta nani zaidi na hakuna anayejua mwisho. Hiyo hata watoto wa machungani huicheza. Halafu kuna mieleka ya maonyesho. Hapo mwisho unajulikana tangu asubuhi: wapiganaji wamekubaliana nani ataanguka, ataangukia upande gani, na atalia kwa sauti gani. Mmoja huwa mwema na mwingine mbaya. Mbaya anadanganya, watu wote wanamwona, wanapiga kelele, na mwamuzi peke yake haoni. Wapo wanaosema huo ni uongo mtupu. Mimi nimefanya kazi katika shule nyingi na kushuhudia ziara nyingi za wakubwa, na najua kwamba jambo ambalo mwisho wake umepangwa asubuhi si lazima liitwe uongo. Mara nyingine huitwa mkutano wa hadhara.

Huku kwetu watu waliijua mieleka kwa njia ya banda la video pale gulioni. Shabiki mkubwa wa banda hilo alikuwa jirani yangu, mjane wa Kisukuma. Yeye na marehemu mumewe walihamia huku kutoka Shinyanga wakiswaga ng'ombe wao, wakafyeka, wakalima, wakabaki. Tunachota maji bomba moja. Kila Jumapili, akitoka kanisani, alikwenda moja kwa moja kukaa benchi la mbele. Aliwachukia wapiganaji wabaya kwa moyo wake wote. Siku moja aliirushia runinga kandambili, na mwenye banda akamwomba radhi kwa kumwonyesha watu wa namna hiyo.

Basi asubuhi ya gulio nilikuwa nafagia uani kwangu, akaja kijana mwenye mabega kama mlango wa ghala. Nilimtambua alipoinama kusalimia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekua! Bado unaandika herufi a kama yai lililovunjika?"

"Bado, mwalimu."

Nilimfundisha zamani upande wa Ngara, kule Rulenge, kabla sijahamia huku kwa wakwe zangu. Darasani hakuwa wa kwanza, lakini siku za usafi ndiye aliyebeba madawati ya wenzake wote, mawili mawili. Nilimwambia wakati ule kwamba kila mtoto ana somo lake, na lake litakuja. Sasa lilikuwa limekuja. Alikuwa mpiganaji katika kikundi kile cha mieleka.

Alikaa kwenye kigoda, akanieleza shida yake. Alikuwa amemchumbia binti wa jirani yangu yule mjane. Binti ni fundi cherehani Biharamulo mjini, na huko ndiko walikojuana. Wazee wa kijana, Wahangaza, walishakuja naye mara mbili kutoka Ngara kuleta posa, na Jumamosi iliyofuata walikuwa waje kwa mara ya mwisho kupokea jibu. Nyumba ile aliyekuwa na neno la mwisho ni mama.

"Na kazi yako ulimwambia ni ipi?" niliuliza.

"Nilisema napakia na kupakua mizigo."

"Mwanangu!"

"Si uongo, mwalimu. Nampakia mtu begani, halafu nampakua chini."

Katika pambano la tatu yeye ndiye alikuwa mbaya, aitwaye Afisa. Angepigana amevaa bukta fupi ya kubana na kinyago cha kitambaa chekundu alichoshonewa na mchumba wake. Kinyago ndicho kilichokuwa kinga yake. Lakini asubuhi ile bosi wa kikundi alibadilisha mpango: mwisho wa pambano kinyago kivuliwe mbele ya watu wote, kwa sababu mjini watu walilalamika kwamba wamemzomea mtu wasiyemjua.

Hapa lazima nieleze desturi, la sivyo msomaji wa mbali atadhani kijana aliona haya tu. Katika nyumba ile, mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, na hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, kijana huacha njia, huingia majanini, humpa mama mgongo na kuchuchumaa mpaka apite. Mama naye hujifunika kanga kichwani na kupita kama hajaona kitu. Hiyo ni heshima, na wenyewe wanaishika kuliko sheria ya barabarani. Posa zote mbili zilipoletwa, mama alijibu akiwa chumbani, nyuma ya mlango. Sasa fikiria mkwe wa namna hiyo amesimama mbele yake na bukta ya kubana, gulio zima linamtazama, na uso wake uko wazi.

"Akiniona, ndoa hakuna," kijana alisema.

"Bosi wako umemwambia?"

"Nimemwambia. Yeye ni mtu wa Pwani. Amesema kwao mama mkwe ndiye hukaa mbele na kupiga vigelegele."

Tulikubaliana mambo mawili. Kwanza, afunge kamba za kinyago mafundo mengi, na mwenzake ashindwe kuzifungua. Pili, mimi nikae karibu na mama, na nimwondoe uwanjani kabla ya pambano la tatu. Nilimwambia asiogope. Nimewahi kuwatoa darasani watoto sabini kwa sababu ya nyuki bila mmoja kulia. Mama mmoja ningeshindwaje?

Ulingo ulisimikwa katikati ya uwanja wa shule. Nguzo zilikuwa za mikaratusi, kamba zilikuwa zile za kufungia ng'ombe, na chini palitandikwa magodoro yaliyofunikwa turubai. Mtendaji alikaa kwenye sofa iliyotolewa ofisi ya mwalimu mkuu. Mimi nilipewa kiti pembeni yake, na upande wangu wa pili jirani yangu alikuwa ameshaweka kigoda tangu saa nne, na mwavuli juu ya magoti. Bosi wa kikundi, aliyevaa viatu vyeupe, alikuwa mtangazaji na mwamuzi pia. Vumbi lilikuwa linamshughulikia taratibu.

Pambano la kwanza lilikuwa kati ya Mfugaji na Mkulima. Bosi aliambiwa njiani kwamba huku kuna wafugaji na wakulima, akaona amepata mada ya kujaza uwanja. Kama angemuuliza mtu yeyote angejua kwamba pambano hilo tunalo, hufanyika kila mwaka mahindi yanapoanza kubeba, tena bila kiingilio. Mfugaji aliingia na fimbo, Mkulima na jembe. Mara ile ile watu waligawanyika kama nywele zilizopitishwa chanuo: Wahangaza na Wasubi wa mashamba huku, Wasukuma wa ng'ombe kule. Mfugaji alipojifanya anapitisha ng'ombe juu ya godoro, mzee mmoja aliinuka na kutaja shamba lake halisi, ekari na mwaka. Mwingine akamjibu kwa kutaja ng'ombe wake halisi, rangi na pembe. Wapiganaji wenyewe walisimama, wakawa wanasikiliza.

Mtendaji alitoka kwenye sofa, akapanda ulingoni na kumnong'oneza bosi. Bosi akatangaza kwamba wote wawili wameshinda. Walikumbatiana. Mfugaji aliahidi mbele ya kipaza sauti kwamba atazunguka shamba, na watu wakataka alirudie hilo.

Niliandika: "Lengo: burudani. Funzo: mipaka iwekwe alama mapema. Changamoto: pambano lilikatishwa na amani. Maoni: wote wamejitahidi. Mkulima anaanguka vizuri, aongeze bidii katika kuinuka. Mfugaji asilie kabla hajaguswa."

La pili lilinifurahisha zaidi, na ningewashauri vijana wanaopenda sanaa walitazame. Lilikuwa kati ya dereva wa bodaboda na shimo la barabarani. Shimo liliigizwa na mwanaume mnene aliyejifunika magunia ya rangi ya udongo, amelala chali katikati ya ulingo. Bodaboda aliingia akiunguruma kwa mdomo, ameshika usukani usio na pikipiki. Alizunguka mara mbili kwa madaha, akiwapungia mikono wasichana. Mara ya tatu shimo likamdaka miguu.

Alipigwa na shimo lile kwa namna ambayo sijapata kuona. Kila alipojiondoa upande wa kushoto, shimo lilijivingirisha kushoto.

"Pita pembeni!" watu walimshauri.

"Pembeni nako ni lenyewe!" alilia.

Alirushwa upande wa mashariki kwa nguvu hata nguzo moja ikainama na kamba ya upande huo ikalegea. Shimo lilitangazwa mshindi bila kuinuka. Mtendaji alipiga makofi, kisha akanisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba shimo hilo limo katika mpango wa mwaka ujao. Pale chini, palipouliza habari za mbegu na ukame, niliandika: "Ndiyo. Limestahimili misimu yote."

Sasa kazi yangu ikafika. Nilimwegemea jirani yangu.

"Jirani, kichwa kinanigonga. Nisindikize nyumbani."

"Kunywa maji," alisema, na akanipa chupa yake bila kugeuka. "Afisa anaingia sasa."

"Kinanigonga sana."

"Ni jua hilo. Shika mwavuli. Hapana, mwavuli niachie, nitauhitaji."

Nilijaribu kwa njia nyingine. Nilimkumbusha kwamba mbuzi wake wamefungwa karibu na mihogo yangu. Alisema wakiikata kamba nile mbuzi mmoja. Nikamwambia pambano hili litakuwa na mambo yasiyofaa kwa mama wa umri wake. Hapo ndipo alipokisogeza kigoda mbele zaidi.

Sitaki mtu anayejifunza kushawishi wenzake akate tamaa kwa kosa langu. Nililiona baadaye. Ukitaka mtu aondoke, usimwambie alichobakiza kukiona.

Kijana wangu aliingia. Aliigiza Afisa. Alikuwa na kinyago chekundu, tai juu ya kifua kitupu, bukta, faili kwapani, na muhuri wa mbao mkubwa kama mchi. Watu walimpa shikamoo kwa utani, naye hakuitikia. Nikaona anafanya kazi yake vizuri. Mpinzani wake aliitwa Mwananchi, naye ni yule yule mwembamba aliyekuwa Mkulima, amebadilisha fulana. Mwananchi alimpa karatasi kwa mikono miwili. Afisa aliitazama karatasi mbele, akaitazama nyuma, akaigeuza juu chini, akasema:

"Njoo kesho."

Uwanja ulipasuka kwa mayowe. Mwananchi alizunguka ulingo mara moja, akarudi.

"Ni kesho sasa, mzee."

"Mwenye muhuri amesafiri."

"Muhuri si huo mkononi?"

"Huu ni wa mwenzangu," alisema Afisa, na akampiga nao kichwani.

Mtendaji alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu," aliniuliza, "huyu anamwigiza nani?"

"Labda wa kata ya jirani."

"Eeh! Yule yule kabisa! Hata anavyoshika faili!"

Jirani yangu hakucheka. Alikuwa amesimama, ameelekeza mwavuli ulingoni kama mkuki. "Mpige! Mpokonye hilo faili! Mayo, mama yangu, mtazameni shetani huyu! Ndiye aliyeninyima cheti cha kifo cha mume wangu!"

Wakati wote kijana alijibana upande wa mbali, uso umetuelekea sisi, na mgongo ameupa upande wa pili. Aliamini kinyago. Mimi pia nilikiamini. Nilihesabu mafundo ya kamba nikaona yanatosha.

Mpango wao ulikuwa kwamba Mwananchi amrushe Afisa nje ya ulingo upande wa mashariki, kisha amfuate amvue kinyago. Lakini kamba ya mashariki ilikuwa imelegezwa na bodaboda, na mtu akiiegemea nguzo ingemwangukia. Bosi aliona hatari hiyo, akampa Mwananchi ishara ya kubadilisha upande. Mwananchi, mtu mtiifu, akambeba Afisa begani, akageuka na kumrusha upande wetu.

Alitua miguuni pa mama mkwe wake.

Jirani yangu aliinua mwavuli kwa mikono miwili. Kijana alijiinua, akamwona ni nani. Na hapo, mbele ya gulio zima, akafanya kosa ambalo mpiganaji wa mahali pengine asingelifanya hata kwa kulipwa. Alisahau kwamba amevaa kinyago. Alisahau kwamba yeye ni Afisa. Aliruka pembeni kama mtu anayepisha njia, akampa mama mgongo, akachuchumaa na kuinamisha kichwa.

Mwavuli ulibaki hewani.

Nikaelewa wakati huo tulivyokuwa wajinga, mwanafunzi na mwalimu wake. Siku nzima tumehangaikia kinyago, na kinyago kilifunika kitu pekee ambacho mama mkwe hakuwahi kukitazama. Uso wa mkwewe hakuujua. Mgongo ndio alioujua! Alikuwa ameshauona njiani kuelekea bombani ukichuchumaa kwenye mihogo, na siku za posa alikuwa ameuona dirishani ukiondoka.

Mwavuli ulishuka. Jirani yangu alivuta kanga kichwani, akageuka. Wakawa wamepeana migongo, yeye amesimama, kijana amechuchumaa, na katikati yao tai imedondoka mavumbini.

Upande wa Wasukuma ulielewa kwanza. Kisha mwanamke mmoja akasema polepole, lakini kila mtu alisikia:

"Jamani. Huyo si Afisa. Huyo ni mkwe wa mtu."

Bosi hakuelewa kitu. Aliinama juu ya kamba na kipaza sauti chake. "Afisa, rudi ulingoni! Nahesabu mpaka kumi! Moja!"

Kijana hakusogea. Asingeweza, maana njia ya kurudi ulingoni ilipita mbele ya mama.

"Mbili! Tatu! We, unafanya nini hapo chini?"

"Ana adabu!" mtu alimjibu.

"Adabu gani? Nne! Tano!"

Watu walianza kumzomea bosi. Dakika chache nyuma walitaka Afisa apigwe kwa faili. Sasa vijana waliokuwa wanarekodi kwa simu walizishusha, na mzee yule mwenye shamba alivua koti akalirusha, likamfunika kijana mabega na sehemu ya ile bukta. Bosi alifika kumi. Mwananchi, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa bado anakumbuka mpango, aliruka chini na kuzikamata kamba za kinyago.

"Wewe mwembamba," jirani yangu alisema bila kugeuka, "ukimgusa huyo umenigusa mimi."

Mwananchi aliachia. Bosi alimtangaza mshindi, na hakuna aliyepiga makofi. Jirani yangu alichukua kigoda chake kwapani, akaondoka kwa upande wa pili, watu wakimpisha. Alipokwisha kupotea nyuma ya madarasa ndipo kijana alipoinuka. Alinitazama kupitia matundu ya kinyago. Nimezoea macho ya mtoto anayengoja matokeo, na hayo ndiyo niliyoyaona.

"Sijui," nilimwambia. "Nenda ukavae."

Safu ya funzo lililopatikana nilijaza "heshima kwa wakwe." Ya changamoto niliacha wazi. Nilipopeleka fomu ofisini, mtendaji aliisoma, akaisifu, akasema mwenye faili la utamaduni hayupo, nije kesho. Nilimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa fomu. Asubuhi yake nilikwenda bombani mapema. Jirani yangu alikuwa ameshafika, ndoo yake inajaa.

"Kichwa kimepona?" aliniuliza.

"Kimepona."

"Nafurahi. Maana kiliuma ghafla kweli."

Maji yalijaa ndoo, yakamwagika, na hakuiondoa.

"Ulijua, mwalimu."

"Nilijua. Aliniomba nikuondoe, nikashindwa. Usimkasirikie, nikasirikie mimi."

"Alisema anabeba mizigo."

"Anabeba, jirani."

"Yule mwembamba si mzigo. Debe la mahindi linamzidi." Aliivuta ndoo, akaweka yangu. "Nimemwona mkwe wangu akiwa na kaptula ya mtoto. Hayo ni mambo ya kutakaswa. Ataleta kuku mweupe, na shuka jipya, kama desturi inavyosema. Asipoleta, wazee wake wasije Jumamosi."

"Na akileta?"

Alikunja kanga yake kuwa ngata, akaiweka kichwani, akaitoa tena.

"Yule wa viatu vyeupe alikuwa anahesabu," alisema. "Na mimi nilihesabu. Nilikuwa nimegeuka, simwoni. Nikasema moyoni, huyu kijana kazi yake iko kule juu, mkubwa wake anamwita, watu wanamcheka. Akiinuka kabla ya kumi ili kazi yake isiharibike, binti yangu hamwoi. Ataniheshimu siku za posa tu, kama wengine. Nikasikia tisa. Nikasikia kumi. Nikasikiliza kama kuna nyayo." Alitikisa kichwa. "Hakuna."

"Kwa hiyo wazee waje?"

"Waje. Wale."

Nilitaka kumkumbatia, ila si desturi yetu bombani. Nikauliza jambo moja lililobaki, kwa sababu nilijua kijana ataniuliza. "Na mieleka? Aache?"

"Aache, ale nini? Binti yangu alishwe na nani?" Alijitwika ndoo. "Ila mwambie, mwalimu, umweleze vizuri, wewe unajua kueleza. Mimi sitaacha kwenda kutazama kwa sababu yake. Nimetangulia mimi kupenda mieleka kabla yake. Yeye ndiye atafute pa kuangukia."

Nilimweleza. Nilimweleza mara tatu, na mara ya tatu nilimchorea mavumbini. Kuku alifika Ijumaa, shuka pia, na bukta ikarefushwa na fundi cherehani mpaka chini ya magoti. Jumamosi wazee wa Ngara walikaa, wakala, wakapewa jibu kupitia mlango uliofungwa.

Wameshaoana. Kikundi bado hupita huku siku za gulio, na jirani yangu bado huwahi na kigoda chake. Akishakaa, bosi hutazama amekaa upande gani, na upande huo mkwewe haukanyagi. Anapigana katika pande tatu. Wapinzani wake wamelijua hilo, wanalitumia. Mwananchi akishachoka kupigwa hukimbilia upande wa mama, anashika kamba, anapumua, na Afisa mwenye mabega ya mlango wa ghala anasimama mbali, amegeuka, anangoja.

"Toka hapo, mvivu wewe!" mama humwambia Mwananchi, na humchoma kwa ncha ya mwavuli ili arudi kwa mkwewe.